Bei ya jioni: mkate, maziwa na mboga katika duka la Tanga

Anayetaka kujua kwa nini supamaketi inatupa chakula asihangaike kuchungulia pipa la nyuma saa 3 usiku. Aende akasikilize simu ya mtu wa oda saa 12 asubuhi. Hapo ndipo inapoagizwa mikate sitini badala ya arobaini, ati kwa sababu Ijumaa iliyopita iliisha mapema na wateja wakanung'unika. Stika ya bei mpya inayobandikwa jioni inakuja kuokoa kilichokosewa asubuhi, na inaokoa sehemu tu. Hilo kazi ya rafu imetufundisha kuliko jambo jingine lolote.

Tanga nayo ina mambo yake. Kuanzia Januari hadi Machi joto la mchana hupita nyuzi 30, hewa imejaa unyevu wa bahari, na mkate unaota ukungu siku ambayo kule Lushoto ungekuwa bado mzima. Halafu chakula kiko karibu mno: mboga zinashuka kutoka milima ya Usambara, machungwa yanatoka Muheza, maziwa yanasindikwa humu humu mjini, samaki wanapatikana soko la Deep Sea asubuhi. Mama akiona nyanya zako zimelegea hana haja ya kubishana nawe, anapanda bodaboda hadi soko la Mgandini. Kwa hiyo taratibu za punguzo zilizotungwa kwa maduka ya nchi za baridi, yenye wateja wanaokuja kwa gari mara moja kwa wiki, hapa zinahitaji kupimwa upya.

Tuanze na mkate, maana ndio unaotupwa sana na ndio rahisi kuuhesabu. Tuseme duka linanunua mkate kwa shilingi 1,100 na kuuza 1,400. Faida ni 300. Mkate mmoja ukiingia kwenye pipa, zile 1,100 zitarudi baada ya kuuza mikate mingine karibu minne kwa bei kamili, na hiyo minne itakuwa imeuzwa bure. Ukiuzwa jioni kwa 1,000, hasara ni 100. Ukiuzwa kwa 700, hasara ni 400, ambayo bado ni nafuu kuliko 1,100. Wasimamizi wengi huona haya kuuza chini ya bei ya kununulia, wakashikilia 1,100 mpaka duka linafungwa. Lakini fedha ya mwoka mikate imekwisha kutoka, hairudi kwa kuonewa huruma. Swali linalobaki jioni ni moja: mkate huu kesho utanunuliwa kwa bei kamili? Kama utanunuliwa, usiuguse. Kama hautanunuliwa, bei yoyote inazidi pipa, kwa sharti kwamba anayeuchukua kwa 700 asiwe mtu yule yule ambaye dakika hiyo hiyo angelipa 1,400.

Sharti hilo ndilo linalowashinda wengi. Kijana wa rafu anaambiwa "punguza mikate", anabandika stika kwenye mikate yote iliyopo, ya jana na ya leo pamoja, palepale ilipokaa. Duka linajisifu kwamba rafu imeisha, huku limejiuzia mikate ya leo kwa hasara bila sababu. Utaratibu unaofaa ni huu. Saa 11 jioni hesabu iliyobaki. Tuseme ni 22 na duka linafunga saa 3 usiku. Daftari linaonyesha kwamba kuanzia saa 11 hadi kufunga huuzwa mikate mitatu kwa saa, yaani 12. Ziada ni 10. Sasa tazama tarehe: katika hiyo 22, minane ni ya jana. Basi stika zinakwenda kwenye hiyo minane peke yake, na inahama kabisa kutoka rafu ya mkate kwenda kwenye kapu karibu na kaunta, lenye kibao cha "Mkate wa jana". Ile ya leo inabaki mahali pake kwa bei yake, na ikibaki miwili mitatu itakuwa mikate ya jana kesho. Waja leo waondoka leo, kama usemavyo mji wenyewe, ila mmoja mmoja hulala.

Na usiulaze kwenye friji. Watu hudhani ubaridi unahifadhi mkate, kumbe kwenye nyuzi 4 unakauka na kuwa mgumu haraka kuliko juu ya meza, kwa sababu wanga wake hurudi kukaza upesi kwenye ubaridi wa namna hiyo. Friji huzuia ukungu, ndiyo, lakini utauza tofali. Kama lazima uhifadhiwe, ugandishwe kwenye friza siku ile ile ulipokuja. Boflo iliyolala siku moja haina aibu yoyote; nusu ya Tanga huichovya kwenye chai ya maziwa asubuhi, na kwa maharage ya nazi ile ngumungumu inafaa zaidi maana haivunjiki ndani ya mchuzi.

Punguzo dogo la mapema linashinda kubwa la kuchelewa. Ngazi mbili zinatosha: punguza robo ya bei saa 11 jioni, nusu ya bei saa 1 usiku. Maduka yanayoweka ngazi tatu au nne yanafundisha wateja kusubiri. Ndani ya wiki chache utawaona wanazunguka kati ya sabuni na unga wakitazama saa. Na kuchelewa sana ni kubandikia rafu. Wateja wengi wa jioni hupita baada ya swala ya Magharibi, wakielekea nyumbani au wakitoka kunyoosha miguu. Ikifika saa 2:30 usiku stika yako inasomwa na keshia na mlinzi. Mwezi wa Ramadhani saa zote zinahama. Vitu vya futari vinanunuliwa kati ya saa 9 na saa 11 alasiri, na anayepunguza bei ya ndizi mbivu saa 12 jioni hana wa kumuuzia, watu wako nyumbani wanasubiri adhana. Mkate kinyume chake unapata wimbi la pili baada ya Tarawehe, watu wakitafuta cha daku. Tarehe za mshahara nazo zina neno: mwisho wa mwezi vitu vinakwenda kwa bei kamili hata stika usizibandike, na katikati ya mwezi ndipo kapu la jana linapogombaniwa.

Sokoni wana ujuzi ambao supamaketi imeupoteza. Muuza nyanya wa Mgandini jioni hashushi bei, anaongeza fungu. La shilingi elfu linabaki la elfu, ila nyanya sita zinakuwa tisa. Mteja hajisikii kwamba ananunua kitu cha kutupa, anajisikia amependelewa. Duka linalouza kwa kilo na kutoa risiti haliwezi kumwaga nyongeza kwa mkono hivi hivi, lakini linaweza kufunga mafungu. Chukua nyanya zilizoiva sana, zinazobonyea kidogo kwa kidole lakini ngozi nzima, panga tisa kwenye trei au neti, ingiza fungu hilo kwenye mashine kama bidhaa yenye bei yake, andika "za mchuzi wa leo". Zenye ngozi iliyopasuka ziondoe kabisa, hata kama ufa ni mdogo kama unywele, maana hapo ndipo ukungu unapoingia na kesho yake umegusa za jirani. Na fungu lionekane pande zote. Mama wa Tanga hununua kwa kugeuza. Akikuta chini umeficha mbili zilizovunda, hatarudi kwenye mafungu yako, na atamwambia shoga yake. Usifikirie kufungia kwenye rambo: mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019.

Fungu pia lina mpaka. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula katika hatua za maduka, migahawa na nyumba. Asilimia 12 tu ndiyo ya maduka, migahawa na mama lishe na mabweni ni 28, na asilimia 60 ni majumbani. Kwa hiyo ukimbebesha mtu kilo tatu za nyanya zilizoiva mno, hujaokoa kitu; umehamisha pipa kutoka kwako kwenda nyumbani kwake Makorora. Fungu liwe la chungu kimoja. Hizi "nunua mbili upate ya tatu" kwa vitu vya kuoza hatuzipendi hata kidogo, afadhali kimoja kwa nusu bei.

Mboga za majani zina saa yake. Mchicha na matembele hayangoji jioni: yakipokelewa saa 1 asubuhi, saa 9 alasiri ndiyo saa ya kupunguza, kabla wapishi hawajaanza kufikiria chakula cha usiku. Saa 1 usiku hakuna anayeanza kuchambua mchicha. Kabla ya stika kuna dawa ya mara moja: kata ncha za mashina kwa kisu safi, simamisha mafungu kwenye beseni lenye maji baridi na safi ya kina cha vidole viwili, dakika 15, kisha kung'uta. Majani yanasimama tena. Ukirudia mara ya pili yanaoza kwa maji, na yakiachwa na matone juu ya majani yanateleza kufikia jioni. Kabichi ya Lushoto ni mvumilivu. Menya jani la nje, pima upya, bandika bei mpya, na uandike kwenye daftari gramu zilizokwenda na majani, la sivyo mwisho wa mwezi utatafuta mwizi asiyekuwepo.

Ndizi, maembe, parachichi na nyanya hutoa gesi ya kuivisha. Vikikaa kando ya matango na mchicha, hivyo vya kijani vinageuka njano upesi. Mpangaji wa rafu anayependa rangi za kupendeza atakuwekea ndizi juu ya matango kila siku mpaka aelezwe. Ndizi usizitie kwenye friji: chini ya nyuzi 13 hivi ganda linageuka jeusi na mteja anadhani zimeoza, ingawa ndani ni nzima. Machungwa wakati wa msimu hayana haja ya sera ya punguzo, yana haja ya kutoagizwa, maana yamejaa kando ya barabara kwa bei ambayo duka lenye kodi ya pango haliwezi kuifikia.

Maziwa na mtindi ndipo pesa nyingi inapopotelea kimya kimya. Mji una kiwanda cha Tanga Fresh ndani yake, hivyo hakuna sababu ya duka kujaza maziwa ya siku nne kana kwamba yanatoka ng'ambo. Agiza kidogo, mara nyingi. Yakifika, pima joto la kreti ya katikati, ile ya nje inadanganya. Yakizidi nyuzi 5 sana, yarudishwe pale pale kabla karatasi haijasainiwa. Halafu tarehe. Kanuni tunayoifuata ni kukataa bidhaa iliyokwisha kula zaidi ya theluthi moja ya umri wake kabla ya kufika mlangoni. Mtindi wa siku 21 unaofika ukiwa umebakiwa na siku 9 ni takataka ya mtu mwingine inayotafuta pa kulala.

Ndani ya friji, kinachokwisha mapema kinakaa mbele. Watu husema "kilichoingia kwanza kitoke kwanza", lakini hiyo haitoshi, kwa sababu mzigo wa leo unaweza kuwa na tarehe fupi kuliko wa juzi. Soma tarehe, usitegemee kumbukumbu ya nani alikuja lini. Kosa la kawaida ni kujaza kwa mbele: mpangaji ana haraka, anasukuma pakiti za zamani nyuma, anaweka mpya mbele. Za nyuma zinagunduliwa siku ya kuosha friji, zikiwa zimevimba. Friji lijazwe kwa kutoa kwanza na kurudisha, hata kama linachukua dakika ishirini zaidi.

Punguzo la mtindi linaanza siku mbili kabla ya mwisho wake, la maziwa siku moja kabla, asubuhi, wala halisubiri jioni ya siku ya mwisho. Anayenunua maziwa jioni hunywa chai kesho; maziwa yanayokwisha usiku huu hayamfai. Na watu wengi wanaonunua kwa punguzo hawana friji nyumbani, au wana friji na hawana umeme wa uhakika. Keshia aseme wazi: "Mama, haya ya kuchemsha leo leo."

Umeme ukikatika, andika saa kwenye ubao wa stoo dakika hiyo hiyo. Friji iliyofungwa milango hushika ubaridi kwa muda wa saa 4 hivi. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, inaweza kufika saa 48. Iliyo nusu, saa 24. Lile friji la wazi lisilo na mlango, ambalo maduka hulipenda kwa sababu linaonyesha vitu vizuri, halina hata hizo saa 4. Lifunike kwa pazia lake au turubai mara moja, na jenereta isipowaka ndani ya nusu saa, hamisha maziwa kwenye friji lenye mlango. Kilichopata joto kwa muda mrefu hakipewi stika, kinatupwa, na sababu inaandikwa "umeme". Kuna wanaojaribu kukiuza haraka kwa nusu bei kabla hakijanuka. Hilo ni kumuuzia mtu kuhara.

Kuna vitu ambavyo havina bei ya jioni kabisa. Nyama ya kusaga iliyofika siku yake ya mwisho na kubadilika rangi. Samaki aliyeyeyuka, hata akigandishwa tena na kuonekana kama jiwe. Kopo lililovimba, au lililobonyea kwenye mshono. Likibonyea ubavuni tu, mbali na mshono, halina neno na linaweza kupunguzwa. Pakiti ya mtindi iliyojaa upepo. Chakula kilichopikwa na kukaa vuguvugu saa nyingi, maana ubaridi haufuti kilichokwisha kuota humo. Na chochote kilichopita tarehe ya kwisha muda: tangu 2019 usalama wa chakula uko mikononi mwa TBS, Shirika la Viwango Tanzania, baada ya kazi hiyo kuondolewa kwenye iliyokuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa, na kuuza kilichokwisha muda ni kosa, stika iwe na rangi gani. "Bora kabla ya" ni jambo jingine. Biskuti au tambi iliyopita tarehe hiyo kwa siku chache inakuwa imepungua ladha, haijawa sumu. Lakini wateja wetu hawazitofautishi tarehe hizi mbili, na kwa haki yao. Kwa hiyo bidhaa kavu zipunguzwe mwezi mmoja kabla, ziishe, mjadala usianze.

Mayai yana kisa chake kidogo. Trei ya 30 ikivunjika yai moja, mengine 29 yanachafuka, na kijana mwema anayapeleka bombani kuyaosha. Asiyaoshe. Ganda lina matundu, na maji baridi yanavuta uchafu ndani. Yapanguswe kwa kitambaa kikavu, yafungwe sita sita, yauzwe siku hiyo.

Stika yenyewe inaharibu mambo kuliko inavyodhaniwa. Pakiti ikitoka kwenye friji katika hewa ya Tanga inatoka jasho papo hapo, stika haishiki, na baada ya dakika kumi iko sakafuni. Ipanguse kwanza, bandika, hesabu hadi tano ukiikandamiza. Stika mpya ifunike msimbopau wa zamani, la sivyo mashine ya kaunta itasoma bei ya awali na ugomvi utaanza mbele ya foleni. Isifunike tarehe ya mwisho hata herufi moja; mteja akiibandua akakuta tarehe chini yake, ataamini ulikuwa unaificha. Iwe na bei ya zamani, bei mpya na neno la sababu. Na bei iingizwe kwenye mfumo kabla ya stika kwenda rafuni, kwa sababu risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, lazima iseme kiasi kile kile alicholipa mtu. Nunua stika zenye mikato, zile zinazochanika vipande mtu akijaribu kuzibandua, maana wapo wanaohamisha stika ya mtindi wa jana kwenda kwenye jibini.

Sababu ikiandikwa, maswali yanapungua. Tanga watu wana shaka na kitu cha bei ya chini. "Mwanangu, hii ina nini?" ndilo swali, na jibu zuri ni fupi: "Haina kitu mama, mwisho wake kesho." Neno "ofa" peke yake halijibu lolote. Wengine watajaribu kukushusha tena kutoka hapo, nipunguzie kidogo kaka; bei iliyokwisha kupunguzwa haiongeleki, na wafanyakazi wote waseme hivyo hivyo, kwa adabu.

Wafanyakazi wenyewe wawekewe utaratibu, maana kishawishi kipo. Kuku mzima anafichwa nyuma ya friza hadi tarehe ikaribie, kisha anapunguzwa na kununuliwa na aliyemficha. Njia iliyofanya kazi ni kutenganisha watu: anayeamua bei si anayebandika, na mfanyakazi ananunua vya punguzo baada ya vitu kukaa wazi kwa wateja angalau saa nzima. Msiwanyime kabisa, watu wanaosimama siku nzima kutazama chakula kinatupwa watapata njia yao. Upande wa wateja, weka kikomo cha vipande vitatu kwa mtu, kwa sababu mkate wako wa 700 ukinunuliwa wote na mtu mmoja, utaukuta umepangwa kwenye meza ng'ambo ya barabara kwa 1,200.

Turudi kwenye oda, maana ndiyo kazi kubwa. Daftari linatosha, kompyuta si lazima. Kila bidhaa ya kuoza ina safu tano: kilichopokelewa, kilichouzwa bei kamili, kilichouzwa bei ya punguzo, kilichotupwa, na sababu. Sababu ziwe chache ili watu wazitumie: oda kubwa, kilifika kibovu, umeme, kilisahauliwa nyuma, kilivunjika. Tuseme Jumanne nne zilizopita mikate iliyouzwa kwa bei kamili ni 42, 38, 45 na 39. Jumla 164, wastani 41. Ongeza kumi kwa mia, karibu mikate minne, inakuwa 45. Rafuni umebaki na sita inayouzika. Agiza 39.

Angalia neno "bei kamili". Maduka mengi hujumlisha mikate yote iliyotoka, pamoja na ile ya kapu la jana, kisha huagiza kwa jumla hiyo. Punguzo linaficha kosa la oda, oda inanenepa, punguzo linaongezeka, na msimamizi anafurahi kwamba pipa ni tupu. Hesabu ya pili inayokosewa ni kinyume chake: mikate ikiisha saa 8 mchana, mauzo ya siku hiyo hayaonyeshi mahitaji. Andika saa iliyoisha, na siku hiyo usiitie kwenye wastani. Jumanne ilinganishwe na Jumanne, Ijumaa na Ijumaa. Siku ya mvua kubwa ya masika iwekewe alama, maana watu hawatoki na takwimu zake zitakupotosha wiki ijayo.

Kuna waoka mikate wanaokubali kurudishiwa isiyouzwa. Inapendeza kwenye vitabu vya duka, lakini mkate umetupwa vile vile, umebadilisha pipa tu, na mwoka mikate mwenye akili ameshaweka gharama hiyo kwenye bei yake. Duka linaloagiza kwa usahihi lina haki ya kumwambia: sirudishi, nipunguzie bei. Mara nyingi anakubali.

Adui mkubwa wa oda nzuri ni imani kwamba rafu lazima ijae mpaka taa zizimwe. Ili ionekane imejaa saa 2 usiku lazima kuwe na ziada, na ziada ndiyo takataka. Badilisha vyombo: ikifika saa 11, hamisha mboga kutoka kwenye sanduku kubwa kwenda kwenye vikapu vidogo, weka kreti tupu iliyopinduliwa chini ya mikate, sogeza vitu mbele. Nyanya ishirini kwenye kikapu kidogo zinaonekana nyingi.

Kinachobaki baada ya bei ya mwisho na bado ni kizima, kitolewe. Ufaransa walitunga sheria mwaka 2016: duka la zaidi ya mita za mraba 400 haliruhusiwi kuharibu chakula kinacholika, liwe na makubaliano na mashirika ya kukigawa. Hapa kwetu anayetoa anatoa kwa hiari yake, na ugumu uko kwenye saa. Mkate na ndizi unaweza kumpelekea mwalimu wa madrasa au kituo cha watoto asubuhi yake bila tatizo. Maziwa ya saa 3 usiku kwa mahali pasipo na friji ni mzigo, si sadaka. Wapigie mapema, uliza wanapika saa ngapi na watu wangapi, peleka kiasi hicho. Toa ambacho ungekula, na tarehe iandikwe.

Mabaki ya mwisho yatengwe kwenye ndoo mbili. Ya kwanza ni maganda, majani ya kabichi, mboga zilizonyauka na matunda yaliyopondeka bila ukungu. Wafugaji wa mbuzi na ng'ombe wa ndani watakuja kuichukua kila siku ukiwazoesha saa ile ile. Ya pili ni chochote chenye ukungu, na hiyo haiendi kwa mnyama hata mmoja. Watu hulipuuza hili: mkate wenye ukungu kidogo, si kuku atakula tu? Aina za ukungu hazitofautishwi kwa macho, na nyingine zina sumu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi. Sumu hiyo haitoki kwa kuchemsha, na ng'ombe akilishwa chakula chenye nayo, sehemu yake inapita kwenye maziwa, ambayo katika mji huu yatarudi kwenye friji lako. Ndoo ya pili iende kwenye mboji, tabaka moja la mabaki kwa mawili au matatu ya majani makavu, igeuzwe kila wiki. Zote mbili zipimwe kwenye mizani kabla ya kutoka, kilo ziandikwe karibu na shilingi, na zioshwe usiku huo huo, kwa sababu ndoo iliyolala na maji ya nyanya asubuhi itakuwa na nzi wengi kuliko duka lina wateja.